Chuma cha Mbuzi Shavuni mwa Lodio

Jirani yetu Lodio, hapa Ngaremara, alichunga kwa mluzi. Akiupiga, mbuzi waliotawanyika hadi ng'ambo ya mto mkavu waligeuka na kumjia. Ndiyo maana sote tulimkabidhi mbuzi wetu, na kwa kazi hiyo alilisha watoto wake.

Kisha uvimbe ukamwota mbele ya sikio, mdogo kama punje ya hindi. Haukuuma. Ulikuwa na kidoa cheusi katikati, na ukiusukuma kwa kidole ulicheza chini ya ngozi. Ulipofikia ukubwa wa gololi, mkewe Akuam aliingiwa na hofu ya saratani, akamburuta hadi kliniki mjini.

Daktari aliutomasa. "Mzee, hii si saratani. Ni kifuko tu kimejaa uchafu wa ngozi. Usiikamue, usiichome. Ikikusumbua, hospitali watakata na kutoa kifuko chote. Ikibaki hata kidogo, itarudi."

Lodio alirudi akicheka. Mbuzi akiota jipu chini ya taya, yeye hulichoma kwa chuma chekundu, likakauka. Alikuwa amewaponya wengi, wangu wakiwemo.

"Akuam, weka chuma kwa moto."

"Si daktari amekataza?"

"Huyo daktari anachunga nini?"

Akuam akamchoma. Mkono wake haukutetemeka, na hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Kidonda kilioza. Kilipokuja kupona, nusu ya uso ilikuwa imekufa: jicho halifungi, mdomo umelegea, chai inamwagikia kifuani. Hospitali walisema mshipa unaoendesha uso hupita papo hapo, na umeungua. Na uvimbe wenyewe, Mungu wangu, umeanza kuota tena.

Watu wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Wanaudhi! Lodio si mjinga. Ujuzi alioutegemea ndio ule ule tuliokuwa tukimsifia.

Lakini mbuzi wakawa wanapotea, na wiki iliyopita nilienda kuwachukua wangu niwapeleke kwa Esekon, mchungaji mwingine. Lodio alijaribu kuwaita. Alishika shavu kwa kiganja, akapuliza, ukatoka upepo na mate. Hakuna mbuzi hata mmoja aliyeinua kichwa. Akuam aliingia ndani. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Wachukue tu, Mama Lorna," akasema, akijifuta kidevu. "Siku hizi hawanijui."