Kavata Ameitwa

Hebu mwone Syombua anavyoingia soko la Tulia. Basi halijasimama vizuri, yeye tayari ana mguu mmoja nje. Kitambaa cha kichwa kimegeukia sikio, viatu vya Misa kavishika mkononi, na vumbi limempaka mpaka kwenye kope. Hasalimu mtu. Anasimama mbele ya hoteli yake, ile ya chai na muthokoi, mahindi ya kukobolewa kwa maharagwe, anavuta pumzi, halafu anapaza sauti soko zima lisikie:

"Kavata ameitwa! Wakatoliki wamemwita!"

Neno hilo moja, ndugu zangu, ndilo lililoleta kisanga.

Siku hizo, miaka ya tisini ikianza, mwenye mtoto shuleni akisema "ameitwa" alimaanisha amepata nafasi. Fulani ameitwa ualimu, fulani ameitwa uuguzi. Lakini kwa watu wa kanisa, kuitwa ni kuitwa na Mungu. Sasa useme binti ameitwa na Wakatoliki, mbele ya wanawake ambao wengi wao wanasali kanisa la kiinjili na hawamjui sista ila kwa shela yake nyeupe. Unadhani walisikia nini?

Mutunga, mumewe Syombua, alikuwa mzee wa kanisa hilohilo la kiinjili. Kila Jumapili mtu na mkewe walitoka nyumbani pamoja, wakifika njia panda mmoja anashika kulia, mwingine kushoto.

"Kapige magoti, suruali za wenzako zimeisha kwa magoti," Mutunga alimwambia.

"Nawe kahubiriwe, ukirudi chai itakuwa imepoa tangu jana."

Walipendana hivyo.

Binti yao Kavata alikuwa amefaulu vizuri na alitaka uhasibu. Vyuo vya serikali vilikuwa na foleni. Waliofaulu walikaa nyumbani wakisubiri mpaka wengine wakasahau hesabu. Syombua akasema atatafuta chuo cha Wakatoliki.

"Tafuta," Mutunga akakubali. "Lakini nataka apate kazi, asirudi na rozari tu."

"Na asirudi na kazi tu," Syombua akamjibu, akapanda basi la Nairobi.

Chuo cha kwanza kilikuwa na jina la mtakatifu getini, herufi kubwa kubwa. Syombua akauliza kanisa liko wapi. Akaonyeshwa mlango wenye kufuli, na mlinzi akamwambia ufunguo uko na mtu aliye likizo. Mama hakuuliza la pili. Aligeuka.

Cha pili, kengele ya saa sita ilimkuta uani. Aliona vijana wa tai, wapishi na wafagiaji wakiingia kusali kwa mlango mmoja. Akapenda. Lakini sala haimwajiri mtu, kwa hiyo akamtafuta mwalimu wa uhasibu mwenyewe.

"Mwalimu, bosi akimwambia mwanafunzi wako aandike magunia mia, na stoo ina sabini, ataandika ngapi?"

"Sabini, mama."

"Akifukuzwa?"

"Wenye magunia yao wanamtafuta mtu wa namna hiyo kwa tochi. Waliomaliza hapa wako kwenye mabenki na mashirika. Nenda ukawaulize."

Akaenda kweli, akauliza kwenye benki moja mjini mpaka akachoka. Ndipo akarudi chuoni kumwombea Kavata nafasi, akaipata. Ndiyo ile furaha uliyomwona nayo akishuka.

Wiki haikwisha, akatokea mgeni hotelini na kamba ya katani mkononi. Alikuwa Ndululu, mzee wa Matiliku, kule Makueni, muumini wa kanisa la kiinjili kama Mutunga. Mwanawe Kivuva, mwalimu wa primari, alikuwa amemposa Kavata, na mbuzi wa ntheo, wa kufungia uchumba, walikuwa wameshapokelewa. Kwetu, mbuzi hao wakishaingia zizini, binti ni wa waliowaleta hata kama bado analala kwa mamake.

"Mwaitu," Ndululu akamwambia Syombua kwa heshima ya mama, "nimefuata mbuzi zangu."

"Zimekukosea nini?"

"Hazina kosa. Mimi nilileta posa, sikuleta sadaka. Sista haolewi."

"Sista gani?"

"Asi! Unaniuliza mimi? Matiliku yote inajua. Mnunuzi wa ndengu aliyepita hapa sokoni ametuambia mpaka jina alilopewa huko."

"Jina gani?"

"Sista Uhasibu."

Chai ilimtoka mtu puani. Mutunga alishika nguzo akacheka bila sauti, mabega tu yakiruka. Syombua alipopata kusema, akaeleza: uhasibu ni kazi, kuitwa ni nafasi, na miaka minne ikiisha binti atatoka na digrii, si na shela.

Ndululu hakutulia. "Miaka minne! Mbuzi akilala na kondoo miaka minne, atalia kama kondoo."

"Mimi nimelala na mzee wa kanisa lenu miaka ishirini. Ushanisikia nikihubiri?"

"Kila usiku," Mutunga akadakia.

Walicheka, lakini Syombua alikuwa anamtazama mumewe kwa jicho la wasiwasi. Alijua Ndululu akikataa, mila iko upande wake, na Mutunga hakuwahi kuvunja mila.

Kavata akatoka jikoni, akaweka trei chini.

"Baba," akamwambia Ndululu, "nitasoma uhasibu, halafu nitatafuta kazi. Kivuva ameniambia atanisubiri."

"Sawa. Niapie basi kwamba hutaitwa ule mwito mwingine."

Binti akafikiri. "Sijausikia, wala siutafuti. Lakini siwezi kuapa kwa niaba ya Mungu. Akitaka kuniita, hata Matiliku atanipata."

Mamake akafumba macho. Si angeapa tu, mzee anywe chai aende!

Mutunga akasimama. "Muthoni wangu, mkwe mwenzangu, mbuzi wako nje. Ukiwachukua hatutagombana. Lakini mtoto ataenda chuo kile alichochagua mamake."

Syombua akakaa kwenye benchi la wateja, akamtazama mumewe upya.

Ndululu akatoka mpaka zizini. Akasimama pale na kamba yake, akiwatazama mbuzi, kisha mlango wa hoteli, kisha mbuzi tena. Mkwe msomi, mwenye kazi mbele yake, na asiyekubali kukudanganya hata kwa neno moja la kukuliwaza! Wewe ungekuwa Ndululu, ungewafunga wale mbuzi uondoke nao, au ungewaacha, urudi Matiliku mikono mitupu?