Kwenye Ngazi za Mwamba wa Ulsan

Dalsu hapawezi mahali pa juu, kizunguzungu kingemwangusha. Ndivyo alivyomwambia mkewe Pilnyo tangu waoane, naye hakumsumbua. Pilnyo aliutazama mwamba wa Ulsan kila asubuhi kutoka soko la samaki la Sokcho, mji wa pwani ya Korea, kisu mkononi na ngisi mbele yake. Mvua na barafu zilikuwa zimeuchana ukawa mawe marefu yaliyosimama juu ya msitu. Alitamani kuupanda, lakini kwenda bila mumewe aliona ni kama kumsimanga.

Jumapili moja wanawake wenzake wa sokoni walimvuta.

"Yeye si kaenda kwenye sataranji yake ya kila mwezi? Na wewe twende zako!"

Njiani walisukuma jiwe kubwa maarufu kwa kutikisika bila kuanguka, wakacheka, kisha wakaanza ngazi za chuma. Katikati Pilnyo akashika reli apumue. Hapo akasikia kicheko anachokijua. Kundi la wazee wenye kofia nyekundu lilikuwa likishuka, na aliyetangulia, akiruka vidato kama mbuzi, alikuwa Dalsu.

"Baba Giho?"

Dalsu akaganda. Mzee wa nyuma yake, asiyejua lolote, akachangamka.

"Kumbe ndiye shemeji! Huyu ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kupanda milima, hakosi hata mwezi mmoja. Mbona alituambia wewe ndiye mwenye kizunguzungu?"

Pilnyo alipitisha macho kundini akitafuta mwanamke. Hakuwepo hata mmoja. Angekuwepo, angalau angejua amkasirikie nani.

"Kwa nini?"

"Mama Giho, tutaongea nyumbani."

"Hapa hapa."

Dalsu akashusha sauti. "Nilitaka kupumua kidogo tu. Nyumbani tunaonana kila siku."

Miaka yote hiyo Pilnyo alikuwa akimchemshia tangawizi, na mapazia ya nyumba yao ya ghorofa ya sita akiyafunga asije akatazama chini. Alijibana kwenye reli, akampisha. Kisha akapanda, bila kugeuka alipoitwa.

Kileleni upepo ulimpiga usoni, bahari ikiwa chini kabisa, na machozi yakamtoka mbele za watu. Mwenzake mmoja akamtia kipande cha kimbap, wali uliokunjwa ndani ya mwani, mdomoni. Akatafuna akilia.

Wiki iliyofuata Dalsu alimnunulia viatu vya mlima. "Safari hii twende wawili," alisema.

Pilnyo alivijaribu, vikamkaa vizuri. Akavivaa Jumapili, akaenda na wanawake wa sokoni. Sasa analala chumba cha Giho, mtoto wao aliyehamia Busan, na Dalsu hajathubutu kumwuliza atarudi chumbani kwao lini.