Gari Lililofukizwa Udi

Pale Mji wa Kale, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu, harusi haijawa harusi mpaka Bi Nyevu afike na chetezo chake. Wapambaji siku hizi wamejaa tele, wasichana wa kope za bandia wanaojitangaza kwenye simu, nao wana kazi zao. Lakini kufukiza ni kwa Bi Nyevu. Udi wake huupika mwenyewe, mlango wa jiko umefungwa, na alichotia ndani hakuambii hata umpigie magoti. Nguo ikishapita juu ya moshi wake, yafuliwa na kufuliwa na bado yanukia.

Alikuja mjini kuolewa, kutoka Kaloleni. Aliposilimu wakweze walimtafutia jina jipya, akalikataa. Alisema Mungu alimjua kwa Nyevu tangu hajazaliwa, haoni kwa nini amchanganye. Mumewe alifariki mapema akamwachia binti mmoja, Mirriam, na nyumba ya vyumba viwili. Yaliyobaki aliyatafuta kwa mikono yake.

Na alikuwa na mwana wa kiume, ijapokuwa hakumzaa. Jirani yake, marehemu Bi Ruqaya, alipojifungua aliugua hata hakuweza kumshika mtoto. Bi Nyevu alikuwa na Mirriam kifuani, na maziwa yalikuwa mengi. Akamchukua na yule mtoto mchanga, huyu titi hili na yule titi lile, mpaka mamake alipopata nafuu. Hakulipwa wala hakutaka kulipwa. Mtoto mwenyewe ndiye Abdulghafur, na kwa sheria ya dini na ya mtaa, maziwa yakishapita kooni mambo yamekwisha: huyu ni mama, yule ni dada, na Idi haimpiti mtu bila kuja kubusu mkono.

Abdulghafur hakupitwa na Idi hata moja. Alikua, akanenepa, akafungua yadi ya magari upande wa Buxton, magari yanayoshushwa melini yakiwa yametumika kwa watu wengine huko ng'ambo. Kila alipokuja kichochoroni alianza na mkono wa Bi Nyevu, na kwa kila mgeni wake alisema, "Huyu ni mamangu." Mwanamke mjane akiambiwa hivyo mbele za watu, hutembea wiki nzima kichwa kiko juu. Tusimcheke.

Bi Nyevu alikuwa na tamaa moja tu, naye hakuificha. Alichoka kuwaona maharusi aliowafukiza kwa saa nzima wakipakiwa kwenye magari ya kukodi yanayonuka sigara. Alitaka gari lake mwenyewe, la fahari, jeupe, Kadenge mtoto wa jirani aliendeshe, bi harusi atoke kwenye udi aingie kwenye udi. Ndiyo iliyokuwa kinga yake ya uzeeni, maana magoti yalikuwa yameanza kukataa ngazi za watu.

Alhamisi moja Abdulghafur alifika, akabusu mkono, akakaa mkekani kama mtoto wa nyumbani.

"Mama, nataka udi wako. Ule wa ndani, si wa kuuza."

"Waoa mke wa pili?" Bi Nyevu akamtania.

"La, Mama. Kuna mgeni wa heshima yuwaja."

Akampa mkebe mzima. Siku chache baadaye akapigiwa simu afike yadini.

Gari lilikuwa jeupe kweli, la Kijerumani, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Abdulghafur akamfungulia mlango, na Bi Nyevu alipoinamisha kichwa kuingia alipokewa na harufu ya jiko lake mwenyewe. Machozi yalimlengalenga.

"Umenifukizia?" akauliza.

"Mgeni wa heshima si wewe, Mama? Wafukiza wenzako miaka yote, wewe nani akufukizie?"

Nani angemshuku mtu wa maneno hayo? Mirriam alimshuku. Alimwambia mamake wamchukue fundi akalitizame gari kwanza, kwani hilo ni jambo la kawaida, hata kuku sokoni hubinywa kifua. Bi Nyevu alikasirika.

"Nimpelekee mwanangu fundi? Nimwambie nini, kwamba nilimnyonyesha lakini simwamini?"

Ili alinunue akauza bangili zake za dhahabu zote, pamoja na zile alizotiwa mkononi siku ya harusi yake. Pale yadini hawakubishana bei. Walisoma Fatiha, wakaitikia amini, wakapangusa nyuso, na Fatiha ikishasomwa juu ya jambo, kurudi nyuma ni kujivunjia heshima mwenyewe.

Harusi za mwanzo zilikwenda vizuri. Kadenge alivaa kanzu na koti, gari likapita Ndia Kuu polepole, watoto wakilikimbilia na wenye maduka wakisimama mlangoni kutazama. Bi Nyevu alikaa mbele, kikuba cha asumini kifuani, akitazama mbele tu kama mtu asiyejua kwamba anatazamwa.

Kisha jua la kaskazi likashika. Asubuhi moja Kadenge alifungua mlango akarudi nyuma hatua moja. Harufu iliyotoka haikuwa ya udi. Ilikuwa ya tope, ya nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Bi Nyevu hakuuliza imetoka wapi. Alileta chetezo akafukiza. Tangu siku hiyo akawa anafukiza kabla ya kila kazi, na kila mara moshi ukawa unadumu muda mfupi zaidi. Mwanamke huyu amewaambia wasichana wangapi kwamba wajioshe kwanza ndipo waje kufukizwa, maana la kuvunda halina ubani? Hesabu hana. Lakini lake alilifukiza tu, kwa sababu lilitoka kwa mwanawe.

Kioo kimoja kikakataa kushuka. Taa zikawa zinawaka zenyewe mchana. Na Ijumaa moja, katikati ya Ndia Kuu, pale barabara inapobana, bi harusi yuko nyuma na shangazi zake wawili, gari likazima. Vioo vyote vimefungwa, kiyoyozi kimekufa, halafu honi ikaanza kulia yenyewe. Ililia bila kupumua. Wanaume wakatoka msikitini wakidhani kuna ajali. Nyuma ya gari pikipiki na mikokoteni ikasongamana, kila mtu na tusi lake. Mpaka Kadenge alipofungua boneti akang'oa waya wa betri, rangi za uso wa bi harusi zilikuwa zimeshateremka shingoni.

"Bi Nyevu," shangazi mmoja akasema akiteremka, "humu umemlaza papa?"

Bi harusi akapandishwa tuktuk. Bi Nyevu akabaki barabarani ameshika chetezo, na kabla ya jua kutua kichochoro kizima kilikuwa na hadithi moja. Wiki ile watu wawili waliokuwa wamelitaka gari wakatuma salamu kwamba wameshapata jingine. Mmoja wao akamwambia hata udi wenyewe asijisumbue.

Fundi hakuchukua muda. Alinyanyua zulia la chini, na chini yake kulikuwa na tope lililokauka na nyaya zilizoota kutu ya kijani.

"Gari hili lilizama, mama. Maji yalifika vitini."

"Lini?"

"Kabla halijafika kwako. Limekaushwa na kupambwa vizuri, aliyeliuza alijua."

Bi Nyevu akainama akanusa. Chini lilinuka tope. Juu yake, kwenye pindo la zulia, kulikuwa na harufu yake mwenyewe, tamu, ile ya ndani isiyouzwa. Hapo ndipo ile Alhamisi ilipomrudia: mkeka, mkono uliobusiwa, mgeni wa heshima. Mtoto alikuja kwake kumwomba kitambaa cha kumfunga nacho macho, naye akampa bure na kumwombea dua. Aliumia. Bangili zilikuwa jambo jingine. Hili lilimchoma pale pale alipomnyonyeshea.

Akafunga safari ya yadini. Alitaraji mwanawe akane, aape, amlaumu mtu wa meli. Angalau uongo ungekuwa na haya ndani yake. Abdulghafur hakukana.

"Nami niliuziwa hivyo hivyo, Mama," akasema, akimvutia kiti. "Nililiona kwenye picha tu, lilipofika ndio nikajua. Ningelala nalo bila kuliuza ningefunga yadi."

"Basi ukanipa mimi."

"Ningempa nani? Mtu mwingine angenipeleka polisi. Nikafikiri na nikafikiri, nikaona wewe hutanifanya kitu. Wewe ni mamangu."

Alilisema kwa upole, kama anayemsifu. Bi Nyevu alikosa pa kuweka macho. Kumbe yule mtoto alikuwa amehesabu mapenzi yake yote akaona hasara itatosha humo. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa na bahati, wao kiliwala nguoni tu.

"Usihuzunike, nishapata dawa," Abdulghafur akaendelea. "Fundi wangu atalifanya liwake siku mbili tatu. Kuna bwana mmoja, Nicanor, mtu wa bara, afanya kazi bandarini. Ataka gari la kwenda nalo kwao Desemba, wazee wamuone. Wewe uwepo tu, nimwambie ni gari la mamangu, halijaendeshwa ila harusini. Pesa zako utazipata zote." Akainuka kumsindikiza. "Na uje na udi."

Usiku ule Bi Nyevu aliupima mkono wake mtupu kwenye taa. Bangili zake zingerudi. Maharusi wangesahau. Na mwanawe angekuja Idi, abusu mkono, waendelee kama kwamba hapakuwa na kitu. Hakuna aliyemwomba mengi, alitakiwa kukaa kitini na kufukiza, kazi aliyoifanya maisha yake yote.

Siku ilipofika alikwenda na mkoba wake wa kazi, na Abdulghafur alipouona mkoba akatabasamu. Gari lilikuwa limeoshwa limesimama juani, vioo vimefungwa. Bwana Nicanor akafika na mkewe, watu wapole, wamevaa kama wanaokwenda kanisani. Mke alilizunguka gari akiligusa kwa ncha za vidole.

"Shikamoo, mama," Nicanor akasema. "Naambiwa gari ni lako."

"Marahaba, mwanangu. Ni langu."

"Na huyu ni mwanao?"

Abdulghafur alimtazama. Mkoba ulikuwa mapajani mwa Bi Nyevu, mikono miwili juu yake, na hakuufungua.

"Nilimnyonyesha," akasema. "Ingia garini, baba. Funga mlango, ukae kidogo, uvute pumzi."

Nicanor akaingia. Hakukaa sana. Alitoka kiganja kiko puani, akamtazama mkewe, kisha akamtazama yule mama kitini.

"Lilizama," Bi Nyevu akamwambia. "Nenda ukatafute jingine, na uende na fundi, hata kama muuzaji ni nduguyo."

Mume na mke walishukuru, wakatoka upesi kidogo kuliko walivyoingia. Bi Nyevu alikuwa amekuja na neno lake tayari. Njia nzima alilikariri, kwamba tangu leo Abdulghafur asimwite mama tena, maziwa yake ayahesabu yamemwagika. Alifungua kinywa alitamke. Lakini mwenzake alimtangulia.

"Gari lako liondolewe hapa leo, Bi Nyevu," akasema, akitafuta namba kwenye simu. "Lanizuilia nafasi."

Bi Nyevu. Kama shangazi wa harusi, kama muuza ndizi, kama mtu yeyote. Tangu ulimi wake ujue kutamka, hakuwahi kumwita hivyo. Na lile neno alilolikariri halikuwa na kazi tena, kwa kuwa alichokuja kumnyang'anya mtoto kilikuwa kimeshatupwa.

"Litaondoka, bwana," akajibu.

Akainuka, akatia mkoba begani. Na mkono wake wa kulia, kwa mazoea ya zaidi ya miaka thelathini, ukanyooka wenyewe kwenda kubusiwa. Abdulghafur alikuwa ameshaweka simu sikioni na kumpa kisogo. Mkono ukakaa hewani kidogo, kisha Bi Nyevu akautumia kutengeneza buibui lake, ambalo halikuwa limeharibika, akatoka kwenda kutafuta watu wa kulivuta gari.