Msusi Aliyeogopa Kumchana Mbwa

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumamosi, Mwalimu Perpetua alikuja barazani kwetu amemkumbatia kijibwa chake ndani ya kanga, mkono wa pili ameshika brashi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimekaa na kichwa cha mteja kati ya magoti yangu, nasuka. Kazi yangu unaijua, mwanangu, hata kichwa chako kimepita mapajani mwangu mara nyingi, tena ukilia. Nilitoka kijijini Marui nikiwa mtoto, nikaletwa Kibaha kwa baba mkubwa, na nilipoanza kusuka, ndani ya miaka mitatu nikawa nimeteka vichwa vya mtaa mzima. Nilijisikia kweli kweli. Usinione sasa nimetulia.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia bosi wako anasafiri na anakuachia kile kijibwa chake cha manyoya marefu, na nimesikia umemjibu "sawa" haraka haraka. Kwa hiyo kaa hapa, hiyo simu iweke chini, unisikilize.

Mwalimu Perpetua alikuwa jirani yetu, mjane, mwalimu mstaafu. Yule mbwa aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha naye, mkataba ulipokwisha akarudi kwao. Alikuwa mdogo, hafiki gotini, mweupe, manyoya yanaburura chini, ukimwona kwa mbali hujui kichwa kiko wapi na mkia uko wapi. Mwalimu akamwita Pamba. Sisi mbwa tuliowajua ni wale wa kulinda shamba, manyoya mafupi, analala kwenye majivu, akiamka anajikung'uta, basi. Huyu alitaka kuchanwa kila siku iendayo kwa Mungu.

Siku ile Mwalimu alikuwa anakwenda Dar kutolewa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza, kisha la pili. Angekaa huko kwa mdogo wake wiki sita. Macho yalikuwa yameshafunga ukungu, mafundo ya manyoya alikuwa akiyatafuta kwa vidole.

"Mwanaidi," akaniambia, "mtaa huu mikono ninayoiamini ni yako. Mchane kila siku, akiwa mkavu. Anza kwenye ncha, uende ukipanda mpaka kwenye ngozi, usichane juu juu. Mpapase nyuma ya masikio, makwapani, na pale mkanda wa shingo unapokaa, ndiko yanakoanza kusokotana. Na kama huwezi, niambie sasa hivi. Dada yangu yuko Morogoro, nitampeleka huko, sitakasirika."

"Nitaweza, Mwalimu," nikasema.

Akacheka. "Nikifunguliwa macho, nataka huyu awe kitu cha kwanza kukiona nikifika nyumbani. Miaka mitatu sijamwona vizuri."

Sasa mwanangu, mimi nimelelewa najua mbwa ni najisi. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa maalim wa chuo pale mtaani, watoto wote wamesomea Kurani kwake. Nikawaza, mtoto wa nyumba ya Maalim aonekane amempakata mbwa anamchana, watu watasemaje? Na wateja wangu je, watakubali mikono hiyo hiyo iwashike vichwa? Lakini kumwambia Mwalimu hapana, nikaona haya. Yeye ndiye aliyekuwa akiniletea walimu wenzake nikawasuke. Basi nikakubali kwa mdomo, na moyoni nilishakataa. Nilipoingia ndani, brashi nikaiweka juu ya kabati.

Chakula nilimpa. Maji nilimpa. Nilikuwa namsogezea bakuli kwa mguu, yeye anakuja anatikisa mkia, mimi huyo narudi nyuma. Wiki ya kwanza ikapita salama. Wiki ya pili mvua ikanyesha, akacheza kwenye tope, akaanza kunuka. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Nikachukua ndoo, kopo na sabuni ya unga, nikasimama mbali nikammwagia maji mpaka yakatoka meupe, nikamwacha akauke juani. Nikajisifu kwamba nimemwosha mbwa bila kumgusa.

Na mimi ni msusi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilijua kabisa kwamba nywele zilizoshikana ukizitia maji kabla ya kuzichambua, zinakaza kama kamba iliyolowa. Mteja nisingemfanyia hivyo hata kwa kunilazimisha. Lakini nilimmwagia Pamba maji mara tatu, na kila akikauka, mafundo yanakaza zaidi na kuivuta ngozi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wazee walisema. Ile ilikuwa kazi ya robo saa kwa siku, na mimi nikaiacha ikawa kubwa kuliko mikono yangu.

Wiki ya nne akaanza kutembea ameinua mguu wa mbele. Hataki kula. Usiku analia kidogo kidogo. Nikajisemea, acha nikate hili fundo la kwapani, yaishe. Nikajifunga kitambaa mkononi, nikalivuta fundo, nikapitisha mkasi wangu wa kazini. Kumbe ukilivuta fundo, ngozi nayo inainuka inaingia humo humo. Nikamkata. Ile sauti aliyotoa sitaisahau. Damu ikachuruzika kwenye manyoya meupe, na mimi nimesimama na mkasi mkononi.

Baba mkubwa akatoka ndani. Alichuchumaa, mwanangu, na kofia yake kichwani, akanyoosha vidole vyake vikavu akayafungua manyoya ya mgongoni. Nilitamani kumwambia baba, usimguse. Chini ya yale manyoya ngozi ilikuwa nyekundu, inatoa maji. Kule kwapani kulikuwa na funza.

"Ulikuwa unamchana?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Nilikuwa namwosha. Kwa mbali."

"Kwa nini?"

"Najisi, baba."

Baba mkubwa hakuwa mtu wa kufoka, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa yanachoma.

"Nimewafundisha tangu mkiwa wadogo," akasema. "Kikavu kwa kikavu, najisi haihami. Mwalimu alikuambia umchane akiwa mkavu, ungemaliza ukanawa mikono yako ukasali. Wewe ukalikimbia lililo safi ukafuata maji, na maji ndiyo yanayoihamisha najisi. Na hata angekulamba mkono, unaosha mara saba, moja kwa udongo, umetwaharika. Sasa nieleze wewe msusi. Hii dhuluma uliyomfanyia mnyama asiyeweza kusema, utaiosha mara ngapi?"

Nilikaa chini nikalia kama mtoto mdogo.

Akanituma nikamwite bwana mifugo. Yule bwana alimpapasa Pamba, akasema hapa hakuna tena cha kuchambua, kuchambua sasa ni kumtesa. Akamnyoa taratibu, akipitisha mashine ya mkono karibu na ngozi, na yale manyoya yakatoka kipande kimoja. Akatoa funza, akatia dawa, akanionyesha namna ya kusafisha kidonda. Safari hii nikakisafisha kwa mikono yangu, watu wakipita wananiona, na hakuna mteja hata mmoja aliyenihama. Ile aibu niliitengeneza mwenyewe kichwani.

Wiki ya sita Mwalimu akarudi. Nikamwamkia shikamoo. Pamba akamkimbilia akichechemea, mwili mtupu, mifupa inaonekana. Mwalimu akasimama pale mlangoni na macho yake mapya. Alimtazama sana. Kisha akasema polepole, "Kumbe ana madoa mgongoni. Sikuwahi kujua."

Nikaanza kujieleza, mvua, tope, kazi nyingi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ulishindwa lini, Mwanaidi?"

"Siku ya kwanza, Mwalimu."

"Basi ungeniambia siku ya kwanza."

Hakuninunia, hata wateja aliendelea kuniletea. Nami manyoya yalipoanza kuota nikawa naenda kila jioni na brashi, namwomba aniache nimchane mwenyewe. Alikuwa ananiacha. Lakini Pamba, akiona tu nimeingia, anakwenda kujificha chini ya kitanda. Ilibidi Mwalimu ampakate ndipo nimchane, na anatetemeka mwili mzima mpaka nimalize. Aliishi miaka minane tena, mwanangu, na hakuacha kutetemeka. Mikono yangu mtaa mzima ulikuwa unaigombania, yeye aliijua kwa lile nililomfanyia.

Kwa hiyo nenda kwa huyo bosi wako leo, kabla hajafunga begi. Kama huwezi, sema huwezi; mficha uchi hazai. Kama unaweza, basi mpapase kila siku kwa vidole, maana juu anaweza kuonekana laini na chini yameshashikana. Ukikuta fundo dogo, libane kwenye shina kwa vidole vyako viwili asivutwe ngozi, ulichambue kidogo kidogo kuanzia nchani. Maji yasimguse kabla hujamchana, na ukimwosha, mkaushe, mchane tena. Mkasi usiusogeze kwenye ngozi. Likikushinda, mwite daktari wa mifugo likiwa moja, usingoje yawe kumi. Akinyolewa, manyoya yataota. Na aibu yako utaimeza.

Jambo lolote ukilipokea kwa mdomo, lipokee na kwa mikono siku hiyo hiyo. Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi wa kusema siwezi pale usipoweza, na mikono myepesi pale uliposema ndiyo, na kila unayemshika, mtu au mnyama, asikuogope ukimkaribia.