Kiu Yangu Kwenye Ziwa la Chumvi

Msimamizi wetu wa bweni alininyima maji ukingoni mwa Ziwa la Chumvi, tena mbele ya watu. Hilo sikumsamehe hata kwa muda wa kushuka kilima.

Shule ilitupakia kwenye lori kutoka Moroni hadi kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Ngazija, tukalione hilo shimo la volkano lililojaa maji. Wageni wa Kifaransa walikuwa ukingoni wakipiga picha, wakisifu rangi ya zumaridi. Zumaridi gani! Mimi niliona maji tele yasiyonyweka, na jua linanichoma utosi. Nikamwomba msimamizi chupa yake.

"Huku si kisiwani kwenu, kule Mutsamudu, mtoto wa mtoni," akasema, kisha akanywa yeye, kidevu kikichuruzika. "Sisi hatuna mito. Kalambe ziwa!"

Darasa zima likacheka. Mimi, mchekeshaji wao, nikachekwa.

Sasa, ziwa lile lina hadithi yake, na mwalimu alitusimulia njiani: hapo palikuwa na mji, akaja bibi kizee mwenye kiu, wakamnyima maji, mji ukazama. Msimamizi alisinzia. Mimi sikusinzia.

Tuliposhuka kijijini kula, nilikwenda moja kwa moja kwa koko, yaani bibi, aliyekuwa anatupikia mihogo ya nazi. Nikakohoa kama mgonjwa wa kifua.

"Koko, nimenyimwa maji pale juu."

Mwiko ukasimama sufuriani. "Pale juu? Na nani?"

Nikaonyesha kwa kidevu, kwa adabu zote.

"Wewe mwenye suruali nyeupe! Wenzetu walizama, na sisi unataka tuzame?"

Wanawake wakatoka majikoni. Kijiji kile hakimwachi aliyenyimwa aondoke na kiu, na aliyenyima ndiye humtekea na kumnywesha, amechuchumaa, kwa mikono miwili.

Msimamizi akaanza Kifaransa. Koko akampa kamba ya ndoo.

Akateka kwenye birika la maji ya mvua, suruali ikala matope, akachuchumaa mbele yangu na kata. Nikanywa polepole, nikimtazama machoni.

"Umetosheka, mjukuu wangu?" koko akauliza.

Tumbo limekaza kama ngoma. "Bado kidogo, koko."

Msimamizi akateka tena. Dereva wa lori akaanza kucheka, darasa likamfuata. Kata ya mwisho niliinywa kwa chuki tupu, na ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote.

Njia nzima hadi Moroni nilibanwa na mkojo, na mwenye amri ya kusimamisha lori ni msimamizi. Sikumwomba.