Upepo Kwenye Breki za Nakwa

Christina alitoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, akiwa amezalisha akina mama wawili na kumshona mmoja. Alikuwa muuguzi mkunga mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa katika zahanati moja ya Bonga, na alichotaka asubuhi hiyo ni uji wa moto na kitanda. Bajaji ilimshusha kwenye kona ya nyumbani kwake, Nakwa. Alipofungua geti aliona miguu ya mumewe imetokeza pembeni ya gari.

"Mama Clemence, umekuja wakati mzuri," Theophil alisema bila kuinuka. "Nahitaji mguu wako."

"Mguu wangu unahitaji kulala, Baba Clemence."

"Dakika kumi tu."

Theophil alikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, mpole darasani, mbishi nyumbani. Corolla yao nyeupe ilikuwa imeanza kuvuta upande mmoja kila breki zilipokanyagwa, kwa sababu kalipa za mbele, vile vyuma vinavyobana diski ya gurudumu, zilikuwa zimekwama kwa kutu. Gereji walikolipeleka mara ya mwisho ilikaa na gari siku tisa, ikalirudisha na betri ya gari jingine. Safari hii Theophil aliapa kwamba hakuna fundi atakayeligusa. Aliagiza kalipa mbili za mtumba kutoka Arusha, akaangalia video tatu kwenye simu, na tangu Alhamisi gari lilikuwa juu ya mawe. Kesho yake, Jumapili, walitakiwa kupanda mlima wa Dareda kwenda Mbulu kwenye kipaimara cha mtoto wa Rogathe, dada yake Christina. Kuupanda mlima ule si kitu. Kazi ni kuushuka.

Kalipa zilishafungwa. Kilichobaki ni kutoa upepo. Bomba la breki likifunguliwa hewa huingia kwenye mafuta, na hewa ikiwemo, pedali inazama kama umekanyaga godoro. Kwa hiyo mmoja hukaa kwenye usukani akikanyaga, mwingine huinama kwenye gurudumu na kufungua nipo, kile kitundu kidogo cha kutolea mafuta, ili hewa itoke nayo. Anayekanyaga hatakiwi kuachia kabla nipo haijafungwa. Akiachia, hewa inavutwa tena ndani.

Christina alikaa kwenye usukani na sare yake ya kazi.

"Kanyaga. Kanyaga. Kanyaga, shikilia!"

Pedali ilizama mpaka chini.

"Nimefunga. Achia."

Wakarudia. Wakaenda upande wa pili, wakarudi wa kwanza. Mafuta yalitoka kwenye kimpira kilichochomekwa kwenye nipo na kuingia kwenye chupa ya maji, mapovu machache yakatokea, halafu yakakoma. Theophil akachangamka, akamwambia akanyage ajaribu. Pedali ikazama vilevile.

"Unaachia mapema," Theophil alisema.

"Siachii."

"Basi hewa inatoka wapi?"

Mara moja tu Christina alikuwa ameachia kweli. Simu ilikuwa imelia kwenye mkoba, Rogathe akiuliza watafika saa ngapi, naye akageuka kuitafuta na mguu ukalegea. Ilikuwa sekunde moja. Hakuwa amemwambia mumewe. Alikanyaga kwa nguvu zaidi, kama mtu anayelipa adhabu, mpaka goti la kulia likaanza kumuuma na macho yakawa mazito.

Dakika kumi zikawa saa mbili nzima. Jua likapanda. Uji aliokuwa akiuwaza haukupikwa. Jirani yao, Mzee Paskali, aliyekuwa anatoka shambani na jembe begani, akasimama getini.

"Shikamoo, mzee," Christina alisema kupitia dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Bado hamjamaliza? Si mmwite fundi?"

"Tunamalizia, mzee," Theophil alijibu haraka. Mzee alipopita, akamgeukia mkewe. "Ungekuwa unashikilia ninavyokuambia, tungekuwa tumemaliza saa tatu."

Hapo Christina akafungua mlango na kushuka.

"Nisikilize. Niliachia mara moja. Moja! Rogathe alipopiga. Baada ya hapo nimekanyaga zaidi ya mara mia na sijaachia hata kidogo. Usinitupie lawama zote mimi."

"Kwa hiyo uliachia."

"Mara moja, Baba Clemence!"

"Si ndivyo nilivyosema?"

Christina alitamani kumrushia ile chupa ya mafuta. Badala yake akaenda upande wa gurudumu, akachuchumaa, aone mwenyewe kitu kilichomnyima usingizi. Alitazama kalipa, akatazama kimpira. Kilikuwa kimechomekwa chini kabisa ya kile chuma.

"Hewa inatokea hapa?"

"Ndiyo nipo hiyo."

"Mbona iko chini?"

"Iko ilipo. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Mimi nikivuta dawa, hewa ikiingia kwenye sindano, naielekeza juu. Naigonga, hewa inapanda, ndipo naisukuma itoke. Sasa wewe unatolea chini. Hewa iliyo juu itakufuata huku chini kufanya nini?"

"Gari si mgonjwa, Mama Clemence."

Lakini Theophil, aliyekuwa anafuta mikono, aliacha. Akaenda ukutani zilikolala kalipa za zamani, akaokota ile ya upande huo, aliyokuwa ameiandika kwa chaki, akaisogeza pale gurudumuni kama inavyokaa. Nipo yake ilitazama juu. Alikimbilia upande wa pili na nyingine, ikawa vivyo hivyo.

Alikuwa amefunga ya kulia kushoto na ya kushoto kulia.

Christina alisubiri aombwe msamaha. Theophil alichukua spana na kuanza kufungua, mishipa ya shingo imemtoka, na kila nati iliyokataa aliipiga kama ndiyo iliyomkosea. Mafuta yalimwagika chini. Kufikia saa saba kalipa zilikuwa zimebadilishwa, lakini chupa ya mafuta ya breki ilikuwa tupu, ikabidi achukue bodaboda hadi mjini kununua nyingine. Christina alilala kwenye kochi na viatu, nusu saa, akaamshwa kwa honi ya pikipiki.

Wakaanza upya. Kanyaga, shikilia, achia. Safari hii mapovu yalitoka kwa wingi, yakibubujika ndani ya kimpira. Mzunguko wa nne kwenye gurudumu la kushoto, pedali ilisimama katikati na haikwenda mbele. Christina aliikanyaga tena kuhakikisha. Ngumu. Alilaza kichwa kwenye usukani na hakusikia furaha yoyote, ila hasira zilizokosa pa kwenda.

Mzee Paskali alipita tena jioni, akakuta gari limeshushwa kutoka kwenye mawe.

"Kumbe mmeweza!"

"Niligundua kalipa zilikuwa zimepishana, mzee," Theophil alisema.

Christina alikuwa anamwaga maji ya kunawia. Akaweka ndoo chini. "Yeye hakugundua kitu, mzee. Niligundua mimi, na nilikuwa natukanwa."

Mzee alicheka mpaka akaegemea geti. Theophil hakucheka. Alisimama akitazama kucha zake nyeusi, kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo kwa kawaida wanafunzi wake tu ndio huisikia, "Ni kweli, mzee. Ni yeye." Alipogeuka kuingia ndani akasema, "Nenda kalale. Ugali nitasonga mimi."

Ugali ulikuwa na madonge. Christina aliula hivyo hivyo.

Jumapili, baada ya kipaimara, walishuka mlima wa Dareda mchana, mabonde yote yakiwa wazi chini yao. Theophil alishika gia ya pili tangu kona ya kwanza. Kila alipogusa breki gari lilitii, lilinyooka, halikuvuta upande wowote. Lakini Christina alipomtazama aliona jasho linateremka kando ya sikio lake.

"Unaogopa?" alimuuliza.

"Sana," Theophil alisema. "Tangu jana."

Christina akatamani kumwambia maneno ya lawama aliyokuwa ameyapanga usiku mzima. Akayaacha. Akafungua dirisha hewa iingie, na wakaendelea kushuka polepole nyuma ya lori la mahindi.