Maji ya Kunyweshea Nguzo

Kidawa binti Matano, mzaliwa wa Kiegeani, kazi yake ni kupitisha umeme kwenye zege. Ukiyasema hayo mbele za watu watakuuliza kama mtoto huyo ana akili timamu, na mama yake mzazi, Bi Mize, aliuliza hivyo hivyo siku ya kwanza. Lakini kazi ndiyo hiyo. Ofisi yake iko mjini Kilindoni. Kifaa chake kina ncha nne zilizojipanga kama meno ya chanuo; huzilowesha, akazibana kwenye ukuta au nguzo, na umeme mdogo usioweza hata kumtekenya mtu ukaingia ndani. Zege jema ni bahili: umeme hupenya kwa taabu, na namba kwenye kioo hupanda. Zege lililoingiwa na unyevu na chumvi halina choyo, umeme hujipitia tu, na namba hushuka. Na hapo namba inaposhuka, ujue nondo za ndani haziko mbali na kutu. Uchawi haupo hapo.

Mwaka huu kikundi cha akina mama wanaolima mwani kwao Kiegeani kilitaka kupandisha tangi la maji juu ya banda lao lililo karibu na ufuo. Banda lina nguzo sita na paa la zege, na aliyelijenga ni Fundi Matano, baba yake Kidawa. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla mgongo haujamgomea. Waliotoa tangi wakasema zege lipimwe kwanza. Kidawa alimwomba mkuu wake amtume mtu mwingine, akaambiwa mtu mwingine hayupo. Basi, akaenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pima, usinionee haya."

Mzee alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Kazi yake inapimwa, si mchezo! Bi Sabra, mwenyekiti wa kikundi, akajisogeza kando. "Wewe Kidawa, usije ukatupiga shoti hapa," akasema, na wenzake wakacheka.

Nguzo nne za upande wa bara zilitoa namba nzuri. Mbili za upande wa bahari, namba zikaporomoka. Kidawa akarudia. Akasogeza ncha zisikae juu ya nondo, akarudia tena. Zile zile. Akachukua kinyundo, akagonga kona ya nguzo kidogo tu, na kipande kikabanduka chenyewe. Ndani yake nondo ilikuwa nyekundu kwa kutu, imevimba. 

"Tangi halipandi," akasema. "Na paa hili liwekewe miti ya kulishikilia leo hii. Mpaka hapo asikae mtu chini yake."

"Si nilisema!" Bi Sabra akapiga kofi. "Saruji imeliwa hii. Ile mifuko tuliyoinunua kwa jasho letu ilikwenda wapi?" Hakumtaja mtu wala hakumtazama mtu, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Hilo ndilo Kidawa alilokuwa akiliogopa njia nzima. Baba yake hana shamba la minazi wala hana chombo baharini, ana jina lake tu, na jina lenyewe sasa linaondoka mbele ya macho yake. Kifaa kinasema zege ni bovu, hakisemi limeharibiwa na nini. Saruji pungufu hushusha namba, chumvi nayo hushusha. Alitamani, Mungu amsamehe, aseme kifaa kimeharibika.

 Aliyejibu ni Bi Mize, naye ni wa kikundi hicho hicho, na hasira zilimpanda kweli.

"Koma, Sabra! Saruji gani iliyoliwa? Nguzo hizi mbili nimezilea mimi. Mume wangu alituambia zege bichi linataka maji asubuhi na jioni, likikauka upesi litapasuka. Tukagawana nguzo, au umesahau? Ninyi mlikwenda kisimani mara mbili tatu, mkaona mbali, mkaacha. Mimi siku haikupita! Nikitoka kwenye mwani naja na ndoo yangu. Bahari si hii hapa? Maji hayaishi."

"Maji ya bahari, mama?"

"Ya bahari, ndiyo. Nimezinywesha mpaka zikatoa unga mweupe, nikasema alhamdulillahi, zimeshiba."

Kidawa akamtazama baba yake. Mzee alikuwa amefumba macho. Jina lake limeshapona, lakini wa kulisema hilo ni Kidawa, na wa kuaibika mbele ya kikundi kizima ni mama yake. Akafungua daftari lake.

"Andika nimekosea mimi," Mzee Matano akasema. "Niliwaambia maji. Sikuwaambia maji gani. Watu wanaoshinda baharini, ukiwaambia maji, watakwenda wapi?"

Bi Sabra akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Fundi, nisamehe," akasema kwa sauti ndogo, na safari hii alimtazama.

Kidawa akakusanya unga wa zege kwenye mfuko, upelekwe kupimwa chumvi kabla hajaandika lolote. Bi Mize alikuwa bado amesimama, akimtazama mume, akimtazama mtoto. Kidogo kidogo hasira zikamtoka usoni.

"Kidawa. Kwa hiyo mimi ningelala zangu nyumbani, nguzo hizi zingekuwa nzima?"

Mtoto mwingine angemdanganya. Kidawa alifikiri kumdanganya, na akina mama wote walikuwa wakimsikiliza.

"Zingekuwa na nafuu kubwa, mama. Ndiyo."

Bi Mize akaweka kiganja juu ya nguzo, pale palipobanduka.

"Wiki ile ya kuzinywesha nilikuwa na homa," akasema. "Na nilikuja."